Tulivyopanda Kinangop kinyumenyume

Ukiteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, Bonde la Ufa hujitandaza ghafla mbele yako: mlima Longonot kwa mbali, na kando ya barabara lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mpwa wangu hakutazama lolote kati ya hayo. Alikuwa na akiba yake ya chama cha ushirika, miaka minne ya kujinyima, na swali moja tu.

"Mjomba, ninunue lipi?"

Mitumba mitatu ilikuwa imemnyima usingizi: Golf GTI, Mark X na Impreza WRX. Ya kwanza huvutwa na magurudumu ya mbele, ya pili husukumwa na ya nyuma, ya tatu huendeshwa na yote manne.

Kona za mteremko huo zilitosha kuwa darasa. Kigari changu kikuukuu huvutwa na magurudumu ya mbele. Injini imeyakalia hayo hayo yanayovuta, kwa hivyo hayatelezi ovyo. Lakini tairi hizo mbili zimebebeshwa kazi mbili, kuvuta na kukata kona. Ukikanyaga mafuta ndani ya kona, pua hukataa kugeuka na gari huelekea ukingoni. Ondoa mguu taratibu, nayo pua hurudi.

Gari la kusukumwa nyuma ni tamu zaidi, sikatai. Magurudumu ya mbele hubakia na kazi ya usukani tu, na dereva huhisi barabara mikononi. Ila ukikanyaga kwa pupa kwenye lami iliyolowa, mkia huja mbele kukusalimu. Nani atakufundisha kuutuliza saa mbili usiku, Thika Road, mvua ikinyesha?

"Lakini Shekhar Mehta?" kijana akauliza tulipokuwa tukinywa chai Naivasha. Huwezi kuketi mji huo bila kutajiwa Safari Rally, hasa tangu 2021 iliporejea katika ubingwa wa dunia na kuanza kutimua vumbi la Kedong.

Ni kweli. Mehta alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982, zote kwa Datsun za kusukumwa nyuma. Hata 1986, Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica ya aina hiyo, ilhali wenye magurudumu manne walikuwapo. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola akashinda na Audi 200 Quattro, na mambo yakageuka. Lakini hao walikuwa na mafundi wakiwangoja njiani. Mpwa wangu ana fundi mmoja, naye hapokei simu Jumapili.

Kwa hivyo Impreza? Kwenye matope na changarawe hakuna kama gari la magurudumu manne, kwa kuwa nguvu hugawanywa. Tatizo ni kwamba huondoka upesi hata njia inapoteleza, na dereva hujiona salama. Ukifika wakati wa kusimama, magurudumu manne yanayoendeshwa hayakuongezei breki. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote. Isitoshe, mafuta hunywewa zaidi, na tairi moja ikiharibika huwezi kuweka mpya kando ya tatu zilizolika. Zikitofautiana ukubwa, difu huumia.

Nilimshauri achukue Golf, na pesa zitakazobaki anunue tairi nzuri. Akaguna.

Tulipoacha lami kule Kinangop, mvua ya Aprili ilikuwa imefika kabla yetu. Kwenye kilima cha mwisho kigari kikakwama, magurudumu ya mbele yakizunguka bure. Kijana akatabasamu tabasamu la ushindi.

Nikarudi hadi chini, nikageuza gari, nikaweka gia ya nyuma. Unapopanda, uzito hulalia upande ulio chini. Ukipanda kinyumenyume, huyalalia magurudumu yanayovuta. Tukapanda polepole, shingo zimepinda, matope yakiruka hadi kwenye vioo.

Mama alikuwa amesimama langoni na kikoi mabegani. Akamuuliza mjukuu wake kama siku hizi watu wa mjini huingia nyumbani kwa makalio.

Usiku, baada ya mukimo, kijana akaniuliza tairi nne nzuri ni pesa ngapi.