Andalusi kwa Motokaa na Tela

Safari humfunulia mtu tabia yake kabla ya kumfunulia habari za nchi za watu. Hayo tuliyaona sisi, mume na mke, tulipokwenda Hispania kwa motokaa iliyokokota tela. Tela hilo ndilo lililokuwa nyumba yetu: kitanda, jiko dogo, na nafasi ya kutandika miswala miwili.

Tulipanda meli Portsmouth, Uingereza, tukashukia Santander, kaskazini mwa Hispania. Kutoka hapo hadi Kordoba ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Wakati wa kupakia, mmoja wetu aliona madumu ya maji na masanduku mazito yamerundikwa nyuma kabisa. Akasema, "Mwenzangu, uzito haukukaa sawa." Akajibiwa, "Dereva ni mimi." Maneno yakaishia hapo.

Despeñaperros, katika milima ya Sierra Morena, ndiyo njia ya kuingilia Andalusi. Tulipokuwa tukiteremka, tela lilianza kuyumba kushoto na kulia, likaisukasuka motokaa kama jahazi lililolemewa tezi. Katika hali hiyo kukanyaga breki kwa nguvu ni kujitakia maangamizi. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, dereva aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akaushika usukani bila kuupindapinda, hata mwendo ukapungua. Tuliposimama, hatukusemezana kwa kitambo. Kisha aliyekataa shauri akaomba radhi, naye akasamehewa. Tukapakua yote, tukaweka vizito juu ya mhimili wa magurudumu na mbele yake kidogo, vyepesi nyuma. Tela halikuyumba tena.

Mwenyezi Mungu alimwamrisha hata Mtume wake (s.a.w.) ashauriane na sahaba zake, sembuse sisi?

Kordoba iko kando ya mto Guadalquivir, jina litokanalo na Kiarabu, al-Wadi al-Kabir. Msikiti wake mkuu ulianzwa na Abdurrahman wa Kwanza yapata mwaka 785. Mwaka 1236 mji ulitekwa, msikiti ukafanywa kanisa, na hata leo Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Tuliizunguka misitu ile ya nguzo, tukasimama mbele ya mihrabu, tukatoka kimya. Tulirejea kambini, tukasali adhuhuri na alasiri kwa jamaa ndani ya tela, rakaa mbili mbili, kama alivyoruhusiwa msafiri.

Huko Granada, ufalme wa mwisho wa Kiislamu katika nchi ile uliondoka mwaka 1492. Lakini mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti katika mtaa wa Albaicín, ukielekeana na kasri la Alhamra. Vichochoro vyake ni vyembamba mithili ya vya Mji Mkongwe wa Unguja, tela halipiti. Tukapanda kwa miguu, tukaidiriki magharibi pamoja na ndugu zetu wa huko.

Usiku ule tulikumbuka kwamba ukhalifa wa Kordoba ulikwisha mwaka 1031, nchi ikagawanyika vipande vipande, kila mtawala akipigana na mwenziwe. Waliokataa kusikilizana walidhoofika kabla adui hajawashinda. Nyumba nayo ndivyo ilivyo: mwenye kushika usukani ni mmoja, bali shehena ni ya wote wawili, na wa kuipima ni wote wawili.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu masikilizano. Amin.