Tableti nne kwa watoto 64: kalasi moja ya Katuba

LUBUMBASHI. Saa moja na nusu ya asubuhi, katika shule moja ya msingi ya komine ya Katuba, mwalimu wa mwaka wa tatu anafungua kabati. Ufunguo anauvaa shingoni, kama rozari. Ndani ya kabati kuna tableti nne zilizofungwa katika kipande cha kitenge. Watoto wanaomngojea ni 64.

Tableti hizo si mpya. Mzazi mmoja anayefanya kazi kwenye mgodi alisikia kwamba mahali pake pa kazi wanauza za zamani kwa bei ndogo, akazinunua na kuzitoa kwa kalasi ya mtoto wake. Ilikuwa zawadi, lakini ilizaa maneno. Katika mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama na kusema: "Madamu, watoto wetu wanakaa wanne wanne kwenye benchi, wengine wanakaa chini. Uzeni vile vitu, mununue mabenchi." Wazazi wengi walipiga makofi.

Baba huyo hakukosea. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure katika shule za serikali, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na makalasi yakajaa kuliko mabenchi. Mwalimu hakubishana naye. Aliomba miezi mitatu tu. Wazazi wakakubali: baada ya miezi mitatu, kama watoto hawajasogea katika kusoma, tableti zitauzwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa fujo. Wavulana wenye nguvu walishika tableti, wengine wakawa watazamaji. Mtoto mmoja alipata mchezo wa mpira ndani yake, na somo likaishia hapo. Siku ya nne umeme ulikatika Katuba tangu usiku, tableti tatu zikaja shuleni zimekufa. Mwalimu alirudi nyumbani akijiuliza kama yule baba wa mabenchi hakuwa na haki.

Wiki ya pili alibadilisha mpango. Michezo yote iliondolewa. Programu za kusoma zilipakuliwa usiku, wakati mtandao una nguvu, ili zifanye kazi darasani bila intaneti. Kila jioni tableti zinapelekwa kwa jirani mwenye plaki za jua, anayechaji telefone za watu kwa malipo. Nusu ya kalasi inabaki na tablo na chaki, nusu nyingine inagawanywa kwa makundi manne ya watoto wanane. Katika kila kundi mmoja anashika tableti, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika neno kwenye daftari. Baada ya dakika tano wanabadilishana. Anayesukuma mwenzake anapoteza zamu yake.

Mwalimu alichagua programu ya Kiswahili, na hapo pia kulikuwa na maswali. Wazazi wengi wa mjini wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza. Lakini sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa katika mafundisho, na mwalimu alikuwa ameona kwa macho yake watoto wanaosoma mstari mzima wa Kifaransa bila kujua walichosoma. Alitaka kwanza wajue kwamba herufi zinasema kitu.

Mfano aliousikia ulitoka mbali kidogo, upande wa Tanga, Tanzania. Huko, tangu mwisho wa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye programu za Kiswahili, zikichajiwa kwa jua. Yalikuwa mashindano ya dunia yaitwayo Global Learning XPRIZE. Kabla ya kuanza, zaidi ya 90 kwa 100 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 makundi mawili, Kitkit School na onebillion, yaligawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini mwalimu wa Katuba anajua tofauti: Tanga kila mtoto alikuwa na tableti yake, na watoto wengi hawakuwa na shule hata kidogo. Kwake ni watoto wanane kwa tableti moja.

Katika kundi la dirishani kulikuwa na msichana wa miaka tisa aliyekuja katikati ya mwaka. Familia yake ilitoka Bukavu mwezi wa Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23. Walipita Uvira, wakapanda mtumbwi wa injini hadi Kalemie, kisha lori hadi Lubumbashi. Baba alibaki nyuma. Mama anauza ndagala karibu na njia. Msichana alikuwa amepoteza mwaka karibu mzima, na darasani hakufungua mdomo. Siku ya kwanza alisema "bugali", na wenzake wakacheka mpaka akalia. Hapa Lubumbashi watu wanasema "bukari".

Siku moja tableti ilionyesha picha ya sahani, sauti ikasema: "Ugali." Watoto wa kundi lake walitazamana. Msichana alisema polepole: "Ni bugali. Wameondoa b tu." Akalisoma neno herufi kwa herufi, akalionyesha kwa kidole. Mwalimu aliandika maneno matatu kwenye tablo: ugali, bugali, bukari. Akauliza nani amekosea. Kalasi ilinyamaza. Mtoto mmoja akajibu: "Hakuna, Madamu. Yote tunakula." Siku hiyo walitafuta maneno mengine ya namna hiyo, na tableti zikasahaulika juu ya benchi mpaka kengele.

Tangu siku ile, kundi la dirishani likifika kwenye neno la Tanzania wasilolijua, wanamgeukia yule msichana. Hajui yote. Lakini anajaribu kwa sauti, na anapokosa hakuna anayecheka. Jioni mama yake alimwambia mwalimu kwamba mtoto ameanza kumsomea maandishi ya mifuko ya unga na ya makarani ya mafuta.

Mtoto mwingine aliuliza kwa nini tableti inapata moto mkononi. Mwalimu alieleza habari za betri, na kwamba kobalti iliyo ndani ya betri nyingi za dunia inatoka hapa Kongo, sehemu kubwa upande wa Kolwezi. Mtoto akauliza: "Basi kwa nini tuko nazo nne tu?" Mwalimu alicheka, lakini jibu hakuwa nalo.

Miezi mitatu ilipokwisha, wazazi walirudi. Mwalimu hakuleta hotuba. Aliita watoto kumi, akachagua kwa kufuata orodha ya majina ili mtu asiseme aliwachukua wenye akili, akawapa hadithi fupi iliyoandikwa kwenye tablo. Sita walisoma hadi mwisho. Wawili walikwama katikati. Wawili walishindwa. Mwanzoni mwa mwaka, kati ya hao kumi, wawili tu ndio waliweza.

Baba wa mabenchi alitazama tablo kwa muda mrefu. Alisema mwalimu amefanya kazi, na pengine ni makundi na sauti vilivyosaidia kuliko vile vioo. Mwalimu alikubali kwamba inawezekana. Kisha baba akauliza: nani atalipa kuchaji mpaka Juni? Mkutano ulichukua saa moja kwa swali hilo. Mwishowe wazazi walipatana kuchanga kidogo kidogo kila wiki, asiyeweza asitozwe, na familia zilizokimbia vita zisiulizwe kitu.

Tableti zimebaki. Mabenchi bado hayatoshi, na watoto kumi na wanne wa kalasi hiyo wanaandika wakiwa wamekaa chini.