Jiwe Kando ya Mti

Wengi wetu mialoni tunaijua kupitia Biblia tu. Ni kwenye mialoni ya Mamre ambako Abrahamu aliwapokea wageni wake. Lakini katika kikundi chetu cha kujifunza Neno tulizungumzia mialoni mingine, ya mji wa Kassel nchini Ujerumani.

Mwaka 1982 msanii Joseph Beuys alirundika mawe 7,000 ya basalti mbele ya jumba la makumbusho la Fridericianum. Sharti lake lilikuwa moja: jiwe litaondoka pale tu mti utakapopandwa mahali fulani mjini, nalo litasimikwe kando ya mti huo. Baadhi ya wakazi walilalamika kwamba rundo lile linachafua uwanja. Dawa yake ilikuwa kupanda. Beuys alipanda mti wa kwanza kwa mikono yake, akafariki Januari 1986 kabla kazi haijakamilika. Mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987, karibu na ule wa kwanza.

Tulibishana kama hiyo nayo ni sanaa. Mmoja wetu alisema sanaa ni picha na vinyago, basi. Hatukukubaliana, ila jambo moja lilitugusa sote: jiwe halikui. Siku ya kupandwa, mche ulikuwa mwembamba na jiwe ndilo lililoonekana. Leo mtu akipita anaona mti kwanza.

Sisi ni watu wazima. Tumezika wenzi wetu, na baadhi yetu tumezika watoto. Kwa miaka mingi tumemwomba Mungu atuondolee jiwe hilo moyoni, nalo bado lipo, na uzito wake ni uleule. Tangu jioni ile tumeanza kuomba tofauti: Bwana, kama jiwe litabaki, panda kitu kilicho hai kando yake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya kazi ya kupanda, kazi ya kumwagilia, na ile ambayo ni ya Mungu peke yake. Mvua zikianza tutapanda miche ya mikangazi nyuma ya kanisa. Kivuli chake pengine hatutakikalia, lakini ndoo za maji tunaweza kubeba.

Wapendwa, yeyote mwenye jiwe lake na aje tupande pamoja.