Yule Madam wa Maktaba, Nani Anamshika Mkono?

Wacha niseme ukweli mapema ndio tusidanganyane. Mimi sikuingia maktaba kutafuta kitabu. Nilikuwa natafuta soketi.

Ilikuwa miezi michache baada ya kuacha chuo, mwaka wa pili. Kwetu stima ni ya tokeni, na mathe alikuwa ameanza kuuliza, kwa ile sauti ya upole inayouma kuliko matusi, ni nani anamaliza tokeni mchana. Ni mimi. Nilikuwa nahariri video kwa laptopu ya zamani ambayo betri yake ilikufa kitambo. Rafiki akaniambia, si uende maktaba ya mtaa, stima iko, WiFi iko, na hakuna mtu atakuuliza unafanya nini na maisha yako.

Upande wa wakubwa ulikuwa umejaa wasee wa CPA na watahiniwa wa KCSE. Kimya kama cha matanga. Nikibonyeza kipanya mara mbili, watu wanageuka. Nikahamia sehemu ya watoto. Viti vifupi, magoti yanagusa kidevu, lakini soketi ilikuwa hapo chini ya rafu ya ngano, na hakuna aliyejali kelele zangu kwa sababu zao zilikuwa nyingi zaidi.

Jina la maktaba naliacha. Sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu ya posti yangu.

Kwa wiki kama mbili nilidhani kazi ya madam wa pale ni kuchunga watoto. Watoi wanamwita Ticha, ingawa si mwalimu. Mimi namwita Madam. Anafungua, anafagia, anapanga vitabu, anafuta makamasi, anaamua vita vya nani alikuwa na kitabu kwanza, anafunga. Nikasema, sawa, kazi ni kazi.

Halafu Jumamosi moja mtoto akaanza kutoka damu puani. Madam akanigeukia. "Kijana, wewe si unatumia stima yetu? Kuja usomee hawa, mimi nishughulikie huyu."

Jameni. Mimi ni mtu wa kamera, naongea na simu kila siku, nikadhani hiyo ni rahisi. Nikasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kufika dakika ya tatu, wawili wanapigania mto wa kukalia, mmoja amelala, na msichana mmoja ananiuliza kama simu yangu ina Free Fire.

Madam akarudi, akachukua kitabu, ukurasa uleule. Hakupandisha sauti, aliishusha. Akasema, "Fisi amesimama mlangoni. Mnadhani anataka nini?" Akanyamaza. Kimya kidogo, kisha mikono kama arobaini hewani. Hakufungua ukurasa mwingine hadi watoto wakajaribu kuubashiri. Hadithi ya dakika tano ikachukua nusu saa na hakuna aliyetoka.

Baadaye nikamuuliza hiyo alifunzwa chuo gani. Akacheka. "Chuo gani? Hii nilionyeshwa na mwenzangu wa maktaba nyingine. Miaka sita ya kwanza nilikuwa nasoma kama wewe."

Miaka sita. Hiyo ndiyo sababu naandika hii kitu.

Madam ana diploma, na si ya kununua. Alifunzwa kuorodhesha vitabu na kuvipa namba kwa mfumo wa Melvil Dewey, ule wa mwaka 1876. Mwamshe usiku wa manane atakuambia 398.2 ni ngano. Lakini hakuna siku alifunzwa kusomea watoto sitini kwa pamoja. Wala ufanye nini na mtoto anayelala kila siku saa tano kwa sababu hajakula, au asiyeangalia mtu machoni, au yule ambaye mamake anamwacha pale asubuhi na kumchukua mkishafunga.

Kuna shirikisho la maktaba la kimataifa linaitwa IFLA. Lina mwongozo wa huduma za maktaba kwa watoto wa miaka 0 hadi 18, toleo la 2018, na humo wanasema wazi kwamba mkutubi wa watoto anafaa kuelewa makuzi ya mtoto na saikolojia yake. Kwa hivyo si mimi najitungia.

Na ile mbinu ya fisi mlangoni? Ina utafiti. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo yao: wazazi waliopewa mafunzo mafupi ya kusoma na mtoto kwa kumuuliza maswali na kumwachia aseme hadithi mwenyewe, watoto wao walitangulia kwa kuongea kuliko wale waliosomewa kawaida. Mafunzo mafupi, manze. Wazazi wa kawaida. Na hapa kuna mtu ambaye hii ndiyo kazi yake, na alingoja miaka sita hadi mwenzake amwonyeshe.

Si ati hajawahi kupelekwa semina. Amepelekwa. Hoteli, chai na mandazi, mtu wa projekta, cheti, picha ya pamoja. Anasema sehemu ya watoto ilipewa dakika ishirini baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya ukumbi wamesinzia. Akarudi na begi lenye nembo, na Jumatatu akakuta shida zilezile zikimngoja pale alipoziacha. Mahali alikuwa akifanya kazi kabla ya hapa, ukimkosea mkubwa unahamishiwa sehemu ya watoto. Yaani hiyo ndiyo adhabu.

Sasa kuna huyu kijana. Sitamtaja. Ana miaka kumi na moja, Gredi ya Tano, mrefu kwa umri wake. Alikuwa anakuja na dadake mdogo, na kila siku anachukua vitabu vya picha, vile vya wadogo, anamsomea dadake. Mimi niliona ni kaka mzuri. Madam ndiye aligundua: kitabu kilekile, kila siku maneno tofauti. Alikuwa anaangalia picha na kutunga. Hakuwa anajua kusoma.

Madam hakujua afanye nini. Siku moja, akiwa amechoka, akamwambia mbele ya wengine, "Wewe ni mkubwa, chukua kitabu cha darasa lako." Kijana akarudisha kitabu kwa rafu, polepole, mahali pake hasa. Akaenda. Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili, hakuja. Ya tatu.

"Nilimfukuza bila kumfukuza," Madam aliniambia, anapanga vitabu, haniangalii.

Hapo nikajua kwamba hii kazi inaweza kumvunja mtu moyo na hakuna mtu ataona. Daktari akikosea kuna mkutano. Madam akikosea kuna kiti kitupu tu, na yeye peke yake anajua ni cha nani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo alinibeba mahali. Wako saba. Wawili ni wa maktaba za umma, mmoja wa shule, wengine wa vyumba vidogo vya vitabu vya mitaani, kimoja kiko ndani ya kanisa. Mwanamume ni mmoja. Wanakutana mara moja kwa mwezi, kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Hakuna bajeti. Nauli kila mtu ajijue, chai wanachanga kwa M-Pesa. Niliambiwa nibebe kamera nirekodi kitu kidogo.

Sheria yao ni rahisi sana. Kila mtu anakuja na vitu viwili: kimoja kilichofaulu, na kimoja kilichonishinda. Hicho cha pili ndicho kinaanza. Hakuna kujitetea, na hakuna mtu anakuambia "ungefanya hivi" kabla hajauliza maswali matatu.

Madam akamleta yule kijana. Nikaona sauti inamkwama. Mama mmoja mzee kuliko wote, ambaye nadhani amekaa na watoto kuliko miaka niliyoishi, akauliza: alikuwa anasomea nani? Dadake. Alikuwa anakuja saa ngapi? Mapema, kabla ya wengine. Akirudisha kitabu, alikuwa anakirudisha vizuri? Vizuri sana.

"Basi, mpe kazi," mama akasema. "Huyo hajakataa kusoma. Ameona aibu. Mtoto mkubwa na kitabu kidogo, hiyo ni aibu. Lakini mtoto mkubwa anayesomea wadogo, hiyo ni kazi, na kazi haina aibu. Mwambie unahitaji msaidizi. Kila Jumamosi aje nusu saa kabla hujafungua, mpitie kitabu kimoja pamoja, neno kwa neno, ndio akawasomee wadogo. Mbele ya watu atakuwa msaidizi. Nyinyi wawili ndio mtajua ni somo."

Mezani pakanyamaza. Yule wa kanisani akawa anaandika. Sasa watu saba wana hiyo mbinu, si mmoja.

Madam alimpata kupitia kwa dadake. Ilichukua muda, na kijana alikuja kwanza akasimama mlangoni kama yule fisi. Leo anakuja saa mbili na nusu. Nimemwona akisoma kitabu cha sentensi moja kwa kila ukurasa, kidole chini ya kila neno, wadogo sita mbele yake hawajui kwamba wanashuhudia kitu kikubwa. Shuleni bado anasumbuka, siwezi kukudanganya. Lakini maneno ni yaleyale Jumamosi hii na ijayo. Hatungi tena.

Sasa nikuambie kitu kingine. Fungua Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, uangalie kazi za kaunti. Maktaba ziko hapo, kwa orodha moja na kamari, leseni za pombe na vyumba vya video. Niliposoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa mtaa wangu, hizo zingine zote nimeziona zikistawi.

Nchi hii imekuwa na maktaba kitambo. McMillan pale katikati ya Nairobi ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Sheria ya huduma ya maktaba ya kitaifa ni ya 1965. Siku hizi kuna watu wanapigania majengo: Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk 2017, na kazi yao kwa McMillan, Kaloleni na Makadara unaweza kwenda kuiona. Nafurahia hiyo, kabisa. Lakini sisi tunapenda sana kitu kinachopigwa picha. Unajua ile maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanza 1996? Picha za ngamia zimezunguka dunia. Sasa niambie jina la mtu mmoja tu anayetembea na hao ngamia, anayekaa chini ya mti na watoto. Mimi pia sikuweza.

Jengo likiwekwa rangi, kuna utepe na mkasi. Mtu wa ndani akijifunza kitu, hakuna utepe. Na bila huyo mtu, rafu ni mbao tu.

Mimi ninachotaka si kikubwa. Ule mkutano wa Jumamosi uhesabiwe kuwa kazi. Walipwe nauli. Wapewe siku mbili, tatu kwa mwaka za kwenda kukaa kwa maktaba ya mwenzao na kuangalia tu anavyofanya. Hiyo ni bei ndogo kuliko ukumbi mmoja wa hoteli na mandazi yake. Na wewe unayesoma hii, ukitaka kusaidia, usipeleke vile vitabu vya marudio vya kaka yako vilivyochanika. Nenda umuulize, "Madam, unahitaji nini?" Halafu nyamaza usikilize. Pengine atasema vitabu. Wangu alisema, "Mtu wa kushika mlango Jumamosi saa nne."

Kuhusu chuo, watu huniuliza na huwa nasema ni karo. Karo ilikuwa shida, ndiyo. Lakini shida ya kwanza ilikuwa somo moja la takwimu lililonishinda wiki ya tatu, nami nikanyamaza, nikakaa nyuma, nikajifanya naandika. Kila mtu alionekana anaelewa. Nilikuwa natunga maneno, kama yule kijana. Siwezi kusema watu saba na chai wangeniokoa. Najua tu kwamba hakukuwa na meza yoyote mahali ambapo ningeweza kusema "imenishinda" na mtu aniulize maswali matatu.

Video niliyorekodi siku ile ilipata watazamaji 212. Ile yangu ya kumtisha binamu na chura ilipita elfu arobaini. Ni sawa. Kati ya hao 212, mmoja alikuwa mkutubi wa shule kutoka Kitui aliyeandika akiuliza kama anaweza kuja mezani.

Anakuja Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi. Mimi pia niko, na nauli najilipia. Nimeambiwa safari hii kamera ibaki nyumbani, nije na kitu kilichonishinda kama watu wengine wote. Nimeanza kuandika jana usiku. Tokeni ziliisha kabla sijamaliza.