Mto Usioijua Bahari

Sisi wa Kipini tumekua tukijua kwamba kila mto una safari moja: kwenda baharini. Mto Tana hutufikia mwekundu kwa udongo wa bara, ukamwagika, basi. Laikipia ndiyo iliyonifundisha mengine.

Nilishuka Nanyuki, mji wa Laikipia ulio kwenye mstari wa ikweta, na kumbe kuna baridi ya kuvalia sweta! Asubuhi Mlima Kenya ulivua mawingu, barafu ikang'aa kileleni. Tukashika njia ya ranchi. Mashamba yaliisha, ukaanza udongo mweusi unaonata kwa mvua na kupasuka kwa jua. Juu yake imejaa migunga mifupi yenye mafundo meusi, matupu ndani kama vifuu vidogo vya nazi. Upepo ukipita kwenye vitundu vyake, mti hupiga mluzi! Mwenyeji wetu alitikisa tawi, na papo hapo sisimizi wakamiminika kulinda nyumba yao. Hata twiga hula hapo kwa haraka, kisha huondoka.

Jioni ng'ombe wa Boran, wenye nundu, waliingizwa katika boma la vyuma ili simba wasiwafikie. Boma hilo huhamishwa kila baada ya muda. Mzee mmoja mchungaji alinionyesha mahali palipokuwa na boma zamani: uwanja usio na miti, nyasi fupi za kijani, swala wamejaa. Samadi ya ng'ombe huneemesha ardhi kwa miaka mingi, na wanyama wa porini hufaidi.

Kesho yake tukafika naye kwenye mto Ewaso Ng'iro, maji ya kahawia chini ya migunga yenye magome ya manjano. Nikauliza, "Mzee, unaingia baharini wapi?" Akanyoosha fimbo kaskazini, akatikisa kichwa. Mlima uleule unaoulisha Tana huulisha na huu, lakini huu hupita Samburu na Isiolo, ukaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Mvua kubwa tu ndiyo huusukuma kuelekea Somalia.

Kiangazi, mashamba ya juu yakivuta maji mengi, mto hukauka kabla ya kufika mbali. Ndiyo maana vyama vya watumiaji maji hupanga zamu za kumwagilia. Nimeona zamu hizo ni haki, si hisani: mfugaji wa Merti, huko mto unakoelekea, hana mto mwingine, na mifugo yake haiwezi kungoja mvua ya mlimani.