Tonton, Tutumie Vitabu vya Udaktari

Ndugu zangu wa Butembo, Beni na Kipese,

Mvua ya huku Bruxelles haina adabu, lakini leo siandiki habari za mvua. Nimeudhika. Wiki iliyopita simu yangu ilijaa picha kutoka kwa mpwa wangu, mwana wa dada, anayetaka kuja kufanya mtihani wa kuingia udaktari Ubelgiji. Kapanga vitabu vyake mezani, kavipiga picha kimoja kimoja, kisha kaandika: "Tonton, angalia nilivyonavyo, utume vinavyobaki."

Nikaangalia. Kulikuwa na atlasi ya anatomia ya Netter iliyofotokopiwa, rangi zote zimegeuka kijivu, huwezi kutofautisha mshipa wa damu na neva. Kulikuwa na silabusi ya mwaka wa kwanza wa chuo kimoja, wino umepauka. Kulikuwa na kitabu cha PACES cha Ufaransa. Na chini kabisa kijitabu cha itemu za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari kwetu Kongo, majibu yamezungushiwa kalamu na mwenye kitabu wa kwanza, mtu wa haraka bila shaka, maana mahali pengine kazungushia herufi mbili kwa swali moja. Vyote vimegharimu dola ngapi sikuuliza. Dada yangu anauza maharage sokoni, hesabu naijua.

Jamani, katika meza nzima ile hakuna kitu kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya mtihani anaoutaka.

Mtihani wenyewe ni huu. Upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa uliuanzisha mwaka 2017, na tangu 2023 umekuwa shindano. Haitoshi kufikisha alama. Watu wanapangwa kwa mstari, wanachukuliwa wa mbele mpaka nafasi ziishe, na wasio wakaaji wa Ubelgiji wana kikomo chao ndani ya mstari huo. Unafanyika mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Agosti, katika kumbi za maonyesho za Heysel, hapa Bruxelles. Chombo kinachouandaa kinaitwa ARES. Nusu ya kwanza ni biolojia, kemia, fizikia na hisabati, kwa kiwango cha sekondari. Nusu ya pili unapewa maandishi uyasome na kuyapima: hoja inasimama wapi, nani amwambie nini mgonjwa, uamuzi gani ni wa haki. Maswali ni ya kuchagua jibu, na kikokotoo unakiacha nyumbani.

Mmesikia: kiwango cha sekondari. Mifupa ya kiganja atajifunza akishaingia. Ile PACES ilikuwa ni mwaka mzima wa chuo kikuu huko Ufaransa, na Wafaransa wenyewe waliifuta mwaka 2020. Waingereza nao walikuwa na mtihani wao wa BMAT. Ulifanywa mara ya mwisho 2023. Wabelgiji wanaosema Kiholanzi wana wao tangu 1997, mwingine kabisa. Vitabu vya mtihani uliokufa vinauzwa bei rahisi, ndiyo maana vinatufikia upesi hivyo.

Na hapa ndipo ninapogombana na nyumbani. Kwetu kitabu kinapewa heshima kwa unene wake. Mtoto akipita barabarani kakumbatia kitabu cha kurasa elfu, majirani tayari wanamwita dokta, na mama yake haendi kuwasahihisha. Huku kijana wa ghorofa ya chini yangu alijiandaa kwa mtihani huu huu mwaka jana. Mezani kwake palikuwa na madaftari yake ya sekondari, saa, na rundo la karatasi. Karatasi zile zilikuwa mitihani ya miaka iliyopita. ARES inaiweka kwenye tovuti yake pamoja na majibu, bure, na kando yake muhtasari wa mambo yote yanayoweza kuulizwa. Yule kijana aliusoma muhtasari kwanza, akafanya mtihani mmoja akiwa hajui lolote, akaona anapoanguka, ndipo akatafuta kitabu cha pale alipoanguka. Sisi tunatafuta kitabu kwanza. Tukishakipata tunakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, tunachoka kwenye sura ya tatu, tunaomba kingine.

Najua mtasema Exetat nayo ni ya kuchagua jibu, na tangu 1967 imetoa madaktari. Kweli. Lakini tuambiane ukweli jinsi tunavyoisoma. Tunakariri itemu na herufi zake. Wengine wanangoja majibu kwenye WhatsApp alfajiri ya mtihani, na wako wazazi wanaochanga pesa ya kuyanunua, halafu Jumapili wanatoa sadaka ya shukrani. Herufi iliyokaririwa Butembo haitakusaidia Heysel, kwa sababu swali halirudi vilevile. Linalorudi ni namna ya kuuliza, na hiyo huipati kwenye kijitabu kilichozungushiwa kalamu na mtu mwingine.

Kwa hiyo kina Kambale na kina Masika mnaojiandaa, sikilizeni. Msinunue kitu mwezi wa kwanza. Changeni mega za intaneti, mmoja wenu apakue muhtasari na mitihani yote kuanzia 2017, mpeleke kwa mtu wa fotokopi, na majibu yafichwe kwa mwenzenu asiye na huruma. Mitihani ya karibuni iwekeni akiba ya mwisho; msiichezee mapema. Fanyeni kwa saa, simu imezimwa, hesabu zote kwa mkono, maana mliozoea kikokotoo ndio mtakaolia. Swali mlilokosa liandikeni mada yake, na mada hiyo itafuteni katika madaftari ya sekondari kabla ya kitabu cha mtu yeyote. Aliyesoma kemia na biolojia ana kazi ya fizikia. Aliyetoka pedagojia ana kazi ya vyote, na ajue hivyo leo. Kama ni lazima kununua, nunueni kitabu kimoja cha biolojia kwa watu watano. Campbell ni kizuri, ila kinapita kurasa elfu, na mtihani hauulizi zote. Kitumieni kama kamusi. Na msidanganyike na kozi za kulipia za huku. Ziko za mamia ya yuro, na nyingi zinafundishia mitihani ile ile ya bure.

Nusu ya pili ndiyo mnayoidharau, na ndiyo inayoniuma, kwa sababu hapo mngewashinda watoto wa Bruxelles. Wao wanasoma kisa cha mgonjwa anayekataa chanjo kama hadithi ya mbali. Ninyi mlikuwepo. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 kwetu na Ituri. Mliona kituo cha matibabu cha Katwa kinachomwa moto, mliona Dokta Richard Mouzoko, aliyekuja kupambana na Ebola, anauawa Butembo Aprili 2019. Mliona timu za Ebola zinaingia kijijini na magari yao bila kusalimia wazee, watu wakakimbilia mashambani; na mliona wauguzi wa kwetu wanaokaa chini, wanaeleza kwa Kinande, familia inakubali. Dawa mbili zilizoonekana kuokoa watu zilijaribiwa Beni, kwa wagonjwa walioulizwa ridhaa. Nani kama ninyi anajua kwa nini ridhaa inaulizwa, na nini kinatokea isipoulizwa?

Ila kuliona jambo na kulipima katika maandishi ya Kifaransa, dakika zinakimbia, ni kazi mbili. Chukueni habari moja ya Radio Okapi kila jioni. Mmoja asome, wengine waseme: mwandishi anadai nini, ushahidi wake uko wapi, nini kinafuata na nini hakifuati. Mbishane. Wababa wa kwetu hawapendi mtoto anayeuliza "kwa nini" mezani; wababa, naomba mvumilie miezi michache, mtihani huu unataka mtoto wa namna hiyo hiyo.

Liko jambo moja lisilotokana na kitabu chochote. Diploma ya Kongo lazima ipewe ulinganifu huku, na maombi yanapokelewa hadi 15 Julai. Kwetu diploma yenyewe huchelewa kutoka, wengine wanaingoja miaka. Aliyemaliza Exetat mwaka huu asijipange kwa Agosti hii. Aanze kufuatilia karatasi zake sasa, aandike barua, aende ofisini, arudi tena.

Na wewe mkuu wa shule, kama karatasi za alama za mtoto wa mtu zimelala kwenye kabati lako kwa ajili ya deni la minerval, yaani ada ya shule, kaa na mzazi mpatane namna ya kulipa, halafu umpe mtoto karatasi zake.