Ukifika Ngong, Soma Ukuta Kabla ya Kupanda Mlima

Jumapili imefika tena na bila shaka watoto wameanza kukuuliza, "Baba, leo twaenda wapi?" Iwapo mfuko hauruhusu safari ya Mombasa wala Naivasha, usiwafokee. Waambie wavae sweta, kisha mwende katikati ya jiji mkapande matatu ya nambari 111. Safari ya Ngong ni ya kilomita zipatazo 25 tu, na kwa kuwa magari huwa si mengi asubuhi ya Jumapili, mtafika hata kabla ya kitinda mimba kuanza kulilia mandazi.

Keti karibu na dirisha. Ukishapita Dagoretti Corner utauona uwanja wa mbio za farasi, na pia msitu wa Ngong Road, ambao hukumbusha abiria kuwa si kila kipande cha Nairobi kilichogeuzwa ghorofa. Kisha kuna Karen, mtaa wa matajiri wenye nyua ndefu na mageti yaliyofungwa. Baada ya hapo ni Bulbul, ambako vibanda vya mabati vimebanana kando ya barabara na wauzaji wa ndizi huyakimbilia magari. Tazama mbele sasa. Milima imejipanga kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Hapo umeingia Kaunti ya Kajiado, na Ngong haiko mbali.

Wenyeji husema kuwa jina la Ngong lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Vifaru walikwisha ondoka zamani. Waliopo leo ni watu, tena wengi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa mji huu una wakazi zaidi ya 100,000. Wengi wao hufanya kazi jijini. Hutoka alfajiri gizani na kurudi usiku gizani, hata unaweza kuishi na jirani miaka mitatu usijue sura yake.

Wageni nao wana tabia yao. Huteremka steji, wakanunua maji na ndizi, wakapanda bodaboda hadi lango la msitu. Siwalaumu. Huko juu kuna mengi ya kuonwa. Kilele cha Lamwia kina urefu wa karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, na ukisimama mgongoni mwa mlima utaliona jiji upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Huko ndiko iliko ile mitambo mikubwa ya upepo. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka wa 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na baadaye kampuni ya KenGen ikaongeza mingine mpaka mradi ukafikia uwezo wa megawati 25.5. Kwenye miteremko ya milima hiyo pia kuna kaburi la Denys Finch Hatton, yule Mwingereza rafiki wa Karen Blixen aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka wa 1931. Nendeni mkayaone hayo yote, ila mtembee kwa kundi na mfuate maagizo ya askari wa misitu.

Lakini leo nakuomba jambo moja, msomaji. Kabla ya kupanda, nipe nusu saa mjini. Tembea polepole kutoka steji hadi sokoni, kisha upite karibu na ofisi za serikali, makanisa na msikiti. Usiangalie bidhaa. Angalia kuta, milango na nguzo za stima.

Utaona karatasi. Nyingine ni mpya, nyingine zimepauka kwa jua na kuchanwa na mvua. Hii inawaita vijana kwa mashindano ya kandanda ya likizo. Ile inatangaza kambi ya matibabu ya macho. Kikundi cha akina mama kinatafuta wanachama wapya. Chuo cha ufundi kinapokea wanafunzi wa useremala, ushonaji na umeme. Chifu anaita baraza. Kaunti inaalika wananchi kutoa maoni. Kila karatasi ina tarehe yake, na tarehe haimngoji mtu.

Nayasema haya kwa uchungu, kwani yalinipata mimi mwenyewe. Mwaka wa 2016 nilikuwa nimepanga chumba Bulbul, nikiishi na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha pili. Kila asubuhi nilipita mbio mbele ya ukuta mmoja nikikimbilia matatu. Ukutani hapo palikuwa pamebandikwa tangazo la fomu za msaada wa karo. Nililiona kwa jicho la pembeni kwa muda wa siku kumi, nikijiambia kuwa nitalisoma kesho. Nilipolisoma hatimaye ilikuwa Jumapili, nami nimevalia nguo za kanisani. Fomu zilikuwa zimefungwa Ijumaa.

Sikuwa na wa kumlaumu. Mimi niliye na stashahada ya uandishi wa habari, ninayelipwa kwa kuwaeleza wengine yanayotendeka nchini, nilikuwa nimeshindwa kusoma habari iliyobandikwa nje ya mlango wangu! Kijana alikaa nyumbani majuma matatu mpaka nilipouza televisheni. Jioni moja aliniuliza taratibu, "Mjomba, kwani wenzangu walijuaje?" Swali hilo bado linanichoma.

Mama mmoja muuza maparachichi sokoni Ngong ndiye aliyenifunza dawa. Nilimkuta akiandika kitu kwenye daftari la mtoto.

"Mama, wafanya hesabu ya deni?" nikamtania.

"La, mwanangu," akajibu huku akicheka. "Naandika tarehe. Mimi sina gazeti wala sina mtu ofisini. Gazeti langu ni ukuta."

Tangu siku hiyo nami nina daftari. Na kwa kuwa mambo mengi hurudi kila mwaka kwa majira yake, hebu nikupe machache ya kuandika katika lako, uwe mkazi wa Ngong au wa Ruiru, Kikuyu, Kitengela au Thika.

La kwanza ni bajeti ya kaunti. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili yapitishwe kabla ya mwisho wa Juni. Katiba ya mwaka wa 2010 inaagiza wananchi washirikishwe. Kwa hivyo miezi hiyo ikikaribia, tazama kuta na magazeti ujue mkutano wa wadi yako utafanyika wapi. Ukiwa na shimo barabarani au zahanati isiyo na dawa, hapo ndipo pa kusemea, wala si kwenye matatu ambako asikiaye ni makanga tu.

La pili ni miti. Mvua za masika huanza Machi na za vuli huanza Oktoba. Oktoba 10 sasa ni Siku ya Mazingira, na ni likizo ya taifa. Shule, makanisa na vikundi vya vijana hutafuta mikono ya kuchimba mashimo. Mpeleke mwanao akapande mti mmoja, kisha mrudi kila mwaka kuutazama. Hiyo ni safari isiyohitaji kiingilio kikubwa, na mtoto hataisahau.

La tatu ni la vijana waliomaliza masomo. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, zabuni haimfuati mtu kitandani. Inahitaji kikundi au biashara iliyosajiliwa na vyeti vilivyo tayari kabla ya tangazo kutoka. Anayeanza kutafuta vyeti baada ya kuliona tangazo huwa amekwisha chelewa.

La nne ni kura. Uchaguzi Mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano, na wa mwaka wa 2027 umeangukia Agosti 10. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 na kupata kitambulisho asingoje foleni za siku ya mwisho kujiandikisha.

Onyo moja, msomaji. Si kila karatasi ya ukutani ni ya kweli. Ukiona tangazo la kazi linalokutaka utume pesa kwanza kwa simu, lipite kama upitavyo kinyesi cha ng'ombe njiani. Tangazo la haki hutaja ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu ukauliza.

Huenda ukataka kujua yaliyompata yule mpwa wangu. Alimaliza kidato cha nne, na siku moja akaja nyumbani na kipande cha karatasi mfukoni. Alikuwa amenakili tangazo la chuo cha ufundi, akaandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu na kupiga mistari miwili chini yake. Leo ni fundi wa umeme. Mimi sikumwambia lolote. Ni yeye aliyeusoma ukuta.

Basi, leo mkifika Ngong, waache watoto wakukimbilie mbele wakiitazama mitambo ya upepo ikizunguka. Mlima upo, haukimbii. Wewe simama kidogo penye karatasi, utoe kalamu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha ukutani hakikudai hata kuinama. Chataka usimame tu usome.